Basi la njano: rangi imefika, mengine bado yako njiani

Mlango wa dharura ulio nyuma ya basi la shule asili yake ni woga wa farasi. Mwishoni mwa karne ya 19, maeneo ya mashambani nchini Marekani yalianza kufunga vishule vya darasa moja na kuwakusanya watoto katika shule kubwa. Ilibidi watoto hao wasafirishwe, na chombo kilichokuwepo kilikuwa mkokoteni wa farasi. Karakana ya Wayne Works, katika mji wa Richmond, Indiana, ilikuwa tayari inatengeneza mikokoteni hiyo mwaka 1892. Watoto walipandia nyuma, maana purukushani zao zikisogea karibu na farasi, farasi hushtuka na kutimka na mkokoteni. Ilipokuja injini, mlango wa mbele ukaongezwa na ule wa nyuma ukaachwa. Leo ndio mlango ambao mtoto hufundishwa kuukimbilia moto ukiwaka upande wa dereva.

Hivyo ndivyo basi la shule lilivyojengeka, kipande kwa kipande. Kila kitu ndani yake kina sababu, na ukizifuatilia sababu hizo, nyingi zinakufikisha makaburini. Sisi wa Afrika Mashariki tumelipokea basi hilo nusunusu. Rangi tumeichukua kwa haraka. Yaliyo chini ya rangi, ambayo ndiyo yaliyogharimu roho za watoto wa watu, hayajafika yote, na watoto wetu wanaendelea kufa kwa makosa ambayo wenzetu walikwisha kuyajua na kuyaandikia sheria.

Mabasi ya kwanza ya injini hayakuwa na tofauti kubwa na mikokoteni. Bodi ilikuwa ya mbao, mabenchi yamepangwa ubavuni, watoto wanatazamana. Mwaka 1927 muuza magari wa jimbo la Georgia, Albert Luce, aliona bodi ya mbao ya basi aliloliuza ikiachana kwa misukosuko ya barabara za vumbi, akaamua kutengeneza bodi ya chuma. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Blue Bird, ambayo hadi leo inatengeneza mabasi ya shule. Lakini chuma peke yake hakikutosha. Asubuhi ya tarehe 1 Desemba 1938, katika jimbo la Utah, theluji ikianguka na dereva haoni mbali, basi lililojaa wanafunzi wa sekondari liliingia kwenye kivuko cha reli mbele ya treni ya mizigo. Watoto zaidi ya 20 walikufa pamoja na dereva wao. Baada ya msiba huo ikawekwa sheria ambayo ukifika Marekani utaiona ikitekelezwa kila siku: basi la shule likifika relini linasimama, hata kama hakuna treni, na dereva anafungua mlango ili asikie kwa masikio yake. Kusikia, maana macho yalikuwa yameshindwa.

Afrika nayo ina kivuko chake. Tarehe 25 Agosti 2010, huko Blackheath karibu na Cape Town, dereva wa kipanya aliyebeba wanafunzi aliyapita magari yaliyokuwa yamesimama kwenye foleni akajaribu kuvuka reli wakati kizuizi kimeshushwa. Watoto 10 walikufa. Karibu miaka 72 ilikuwa imepita tangu Utah.

Miezi michache baada ya msiba wa Utah, Aprili 1939, jijini New York, profesa Frank Cyr wa Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, aliitisha mkutano. Cyr alikuwa mtaalamu wa elimu ya vijijini, na kwa miaka miwili alikuwa amezunguka akichunguza namna watoto wa mashambani wanavyofika shuleni. Alikuta vurugu tupu. Kansas kulikuwa na watoto waliokuwa wanasafirishwa kwa mikokoteni ya kubebea ngano, na wilaya moja ilikuwa imepaka mabasi yake rangi za bendera ili watoto wakue na uzalendo. Kwa msaada wa dola 5,000 kutoka Rockefeller Foundation, aliwakutanisha kwa siku saba maofisa wa elimu wa majimbo yote 48 ya wakati huo, watengenezaji wa mabasi na mafundi wa makampuni ya rangi.

Ukutani zilitundikwa karatasi za rangi 50, kuanzia njano ya limau hadi chungwa lililoiva likakaribia wekundu. Wajumbe wakachagua njano yenye kuelekea chungwa, kwa hoja mbili tu. Basi la shule linatembea alfajiri na jioni, saa ambazo mwanga ni hafifu, na rangi hiyo huonekana mapema kuliko nyingine. Tena maandishi meusi yakiandikwa juu yake yanasomeka vizuri. Majimbo yalifuata moja baada ya jingine, na la mwisho, Minnesota, lilikubali mwaka 1974.

Kinachosahaulika ni kwamba rangi ilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi ya siku zile saba. Mkutano ulipitisha viwango 44. Ulipanga urefu wa bodi, kimo cha dari, upana wa njia ya katikati ambayo mtoto anapita akitoka. Watengenezaji walipojua kwamba majimbo yote yanataka kitu kimoja, waliweza kutengeneza mabasi mengi kwa bei ya chini, na usalama ukaacha kuwa anasa ya wilaya tajiri.

Hata hivyo ilichukua karibu miaka 30 mtu kuuliza swali lililo zito zaidi: basi likigonga, mtoto aliyekaa ndani anapatwa na nini? Mwaka 1967, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, watafiti wakiongozwa na Derwyn Severy waligongesha mabasi makusudi, yakiwa yamebeba midoli yenye vipimo vya binadamu. Walichokiona kilikuwa kinatisha. Migongo ya viti ilikuwa mifupi na juu yake kuna bomba la chuma la kushikia, na bomba hilo lilikuwa linakutana sawasawa na meno na paji la uso la mtoto aliyeketi nyuma. Kile kilichowekwa kimsaidie mtoto kujishika ndicho kilichokuwa kinampasua.

Kutokana na utafiti ule kikabuniwa kiti ambacho ni vizuri kila mwenye shule akakielewa. Mgongo wake ni mrefu na umejazwa sponji mbele na nyuma. Fremu yake ya chuma imetengenezwa ili ipinde taratibu inapogongwa na mwili, isivunjike wala isibaki ngumu. Viti vimesogezwa karibukaribu. Basi likisimama ghafla, mtoto anasukumwa mbele hatua fupi, anakutana na sponji, kiti kinapinda na kula nguvu ile. Kinga yake imo katika kiti kilicho mbele yake. Tarehe 1 Aprili 1977 serikali kuu ya Marekani ilikifanya kiti hicho kuwa lazima, pamoja na viwango vingine viwili: paa lazima libebe uzito wa mara moja na nusu ya uzito wa basi bila kubonyea sana, na viungo vya mabati viwe imara ili bodi isifunguke kama kopo gari linapobingirika.

Tarehe ile ya 1 Aprili ilikuja kuwa na maana ya uchungu. Usiku wa tarehe 14 Mei 1988, karibu na Carrollton, Kentucky, mlevi aliyekuwa akiendesha pikapu upande usio wake aligongana uso kwa uso na basi la kanisa lililokuwa likirudisha vijana kutoka matembezini. Basi hilo zamani lilikuwa la shule, na lilitengenezwa siku chache kabla ya viwango vya 1977 kuanza kutumika. Wachunguzi walisema kwamba mgongano wenyewe haukumuua mtu ndani ya basi. Tangi la petroli lilitoboka, mlango wa mbele ukazibwa na ajali, na watu 67 wakabaki na mlango mmoja wa nyuma na njia nyembamba ya kuufikia, huku sponji za viti zikiungua na kutoa moshi wa sumu. Walikufa 27, na 24 kati yao walikuwa watoto. Baada ya hapo Kentucky ikataka milango na madirisha zaidi ya dharura, kizimba cha chuma kulizunguka tangi, mafuta ya dizeli badala ya petroli, na vitambaa vya viti visivyoshika moto kirahisi.

Mkanda una historia yake ndefu yenye mabishano. Kwa kuwa kiti kile cha 1977 kilifanya kazi nzuri, mabasi makubwa ya shule Marekani hayakulazimishwa na serikali kuu kuwa na mikanda. Magari madogo ya shule, yale ya chini ya tani nne na nusu, yalilazimishwa tangu mwanzo, kwa sababu gari jepesi likigongwa huchukua kipigo chote lenyewe. Ningependa msomaji aishike hoja hii, maana magari mengi yanayobeba watoto wetu ni hayo madogo. New York ilikuwa jimbo la kwanza kutaka mikanda katika mabasi mapya, mwaka 1987. Kwa watoto wa chekechea msimamo ulikaza zaidi: Februari 1999 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba mtoto ambaye hajafikia umri wa kuanza shule, akipanda basi la shule, afungwe kwenye kiti maalumu cha mtoto kinacholingana na kilo na kimo chake. Mkanda wa mtu mzima humpita mtoto mdogo shingoni na tumboni, na katika ajali unaweza kumuumiza palepale ulipopaswa kumwokoa.

Uingereza ilijifunza usiku wa manane. Tarehe 18 Novemba 1993, saa sita na dakika kadhaa, kipanya kilichokuwa kikirudisha wanafunzi wa shule ya Hagley kutoka tamasha la muziki London kilijigonga nyuma ya gari la matengenezo lililokuwa limesimama kando ya barabara kuu ya M40. Watoto 12 walikufa pamoja na mwalimu wao aliyekuwa anaendesha. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya ubavuni, wanatazamana, kama watoto wa enzi za mkokoteni. Wazazi waliofiwa hawakukubali yaishe kwa rambirambi. Walisumbua wabunge na mawaziri hadi ikapatikana kanuni iliyoanza Februari 1997: gari linalowabeba watoto katika safari ya shule liwe na kiti kinachotazama mbele na mkanda kwa kila mtoto. Ilifutwa pia, kwa safari hizo, ruhusa ya zamani ya kuhesabu watoto watatu kuwa sawa na abiria wawili.

Hiyo ruhusa ya watatu kwa wawili sisi tunaijua bila kuandikiwa. Ukimuuliza dereva wa gari la shule kwa nini amezidisha, jibu ni lile lile, Mwanza, Mombasa au Dar es Salaam: watoto ni wadogo, wanaenea. Uchina nao walikuwa wanaenea. Tarehe 16 Novemba 2011, wilayani Zhengning, mkoani Gansu, gari dogo la viti 9 liligongana na lori la makaa. Ndani yake mlikuwa na watu 64, karibu wote watoto wa chekechea, na viti vilikuwa vimeng'olewa ili waingie wengi. Walikufa 21, na 19 ni watoto. Miezi mitano haikupita kabla serikali ya Uchina haijatoa kanuni za mabasi ya shule za Aprili 2012, zenye kuweka ukomo wa mwendo na kuwalazimisha madereva wengine kusimama basi la shule linaposhusha watoto.

Sasa tuje nyumbani. Kwa muda mrefu mtoto wa Kitanzania alikwenda shule kwa miguu, na hiyo ndiyo hali ya wengi hadi leo. Daladala ziliporuhusiwa rasmi mwaka 1983, mwanafunzi akawa abiria asiyetakiwa, kwa kuwa nauli yake ni ndogo na anachukua nafasi ya mtu mzima. Nani hajawaona wakisukumwa mlangoni na konda? Shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza zilipochipuka miaka ya 1990, wazazi waliojiweza walilipia usafiri ili kuwaepusha watoto na adha ile. Gari la shule kwetu lilizaliwa kama huduma ya kumvutia mzazi, likatangazwa kwenye vipeperushi pamoja na chakula cha mchana na kompyuta. Usalama haukuwa mwanzo wake.

Na magari yenyewe ni yale tuliyonayo: Hiace, Noah, Rosa na Coaster zilizotumika Japani. Baadhi ya Hiace ziliingia nchini zikiwa magari ya mizigo, yasiyo na madirisha nyuma, na fundi wa mtaani ndiye aliyekata bati, akaweka vioo na kuchomelea viti sakafuni. Kiti kama hicho huonekana kizuri kwa macho. Fremu yake ni bomba la mraba lililofunikwa sponji nyembamba na kitambaa cha plastiki, na mguu wake umeshikiliwa na bolti zilizopita kwenye bati jembamba bila kipande cha chuma cha kuzikaza kwa chini. Hata ukikifunga mkanda, mkanda utakuwa umeshikilia kiti ambacho chenyewe hakijashikwa. Nyuma kabisa kuna mlango unaofunguka kuelekea juu, na mara nyingi umezibwa na mabegi, au kitasa cha ndani kimekufa siku nyingi.

Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, gari hilo linaanza kuzunguka. Wa kwanza kuchukuliwa huwa ni watoto wa awali wanaokaa mbali, na kabla hawajafika shuleni wamekaa humo saa nzima au zaidi. Gari linapojaa, mdogo anapakatwa na mkubwa: mtoto wa miaka 4 juu ya magoti ya mtoto wa darasa la tano. Mwingine anakalishwa kwenye kifuniko cha injini, kati ya dereva na kioo cha mbele. Katika mgongano wa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwili wa mtoto wa kilo 15 unaweza kuvutwa mbele kwa nguvu ya zaidi ya kilo 300. Hakuna mikono ya mtu mzima inayoweza kuuzuia, sembuse ya mtoto wa miaka 11.

Tarehe 6 Mei 2017 nchi nzima ilijua gharama ya haya. Wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha walikuwa wanakwenda Karatu kufanya mtihani wa kujipima na wenzao. Katika mteremko wa Mlera, Rhotia, barabara ikiwa na utelezi wa mvua, basi lao aina ya Rosa liliacha njia na kutumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walionusurika ni watoto watatu tu, waliopelekwa Sioux City, Iowa, kwa matibabu na kurudi nchini miezi mitatu baadaye. Majeneza yalipangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na mashtaka yaliyofuata mahakamani yalitaja, pamoja na mengine, kuzidisha abiria. Julai 26, 2022 ikawa zamu ya Mtwara, Hiace ya shule ilipoingia shimoni Mikindani na kuua watu wasiopungua 10, wengi wao wanafunzi. Aprili 2024 ikawa Arusha tena, gari la shule liliposombwa na mafuriko asubuhi wanafunzi wakiwa ndani.

Serikali zetu hazikukaa kimya. Kenya, iliyokuwa imekwisha kuzikaba matatu kwa kanuni za waziri John Michuki zilizoanza Februari 2004, ilirekebisha Sheria ya Trafiki na kuanzia 2017 ikataka mabasi ya shule yawe njano, yawe na mikanda ya kuwafaa watoto, na yasibebe wanafunzi kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri. Shule zilizokuwa na basi la rangi yake, la kijani, la buluu, la damu ya mzee, zikalipeleka kwa mpaka rangi. Tanzania, kupitia mamlaka ya usafiri, SUMATRA na baadaye LATRA iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019, nayo ikasimamia rangi ya njano kwa magari ya shule. Ukaguzi hufanywa, hasa shule zinapokaribia kufunguliwa, na stika ya Nenda kwa Usalama hubandikwa kwenye kioo.

Yote hayo yana manufaa, na sitaki kuyabeza. Rangi inamsaidia dereva wa lori kuliona gari la watoto mapema. Lakini rangi ndiyo nafuu kuliko vyote na ndiyo inayoonekana ukiwa barabarani, kwa hiyo imekuwa ya kwanza kutekelezwa na, kwa magari mengi, ya mwisho. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani iliihesabu Tanzania miongoni mwa nchi zisizo na sheria ya viti vya kuwakinga watoto ndani ya magari. Wanaharakati wa usalama barabarani wamekuwa wakilidai jambo hili mwaka baada ya mwaka, wakitaka Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 irekebishwe.

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji kiti wala fedha nyingi, nalo ni mtu mzima wa pili ndani ya gari. Korea Kusini ililazimisha mhudumu kwenye mabasi ya chekechea mwaka 2015, baada ya mtoto wa miaka 3 kukanyagwa na basi lililokuwa limemshusha muda huohuo. Japani, baada ya watoto wawili kusahauliwa ndani ya mabasi na kufa kwa joto, mmoja 2021 na mwingine 2022, iliagiza kuanzia Aprili 2023 mabasi ya chekechea yawe na kengele isiyozimika mpaka dereva atembee hadi kiti cha nyuma. Kwetu yuko matroni. Shule nzuri zinaye, na ndiye anayemvusha mtoto barabara, anayehesabu vichwa, anayejua nani amelala. Shule nyingine humlipa posho ndogo na kumpa kiti chake mtoto, yeye akasimama mlangoni.

Mzazi mwenzangu, kesho gari likija, usiishie kumpungia mtoto mkono. Panda ndani. Kitikise kiti anachokaa mwanao, vuta mkanda uone kama unafunga, jaribu kitasa cha mlango wa nyuma, kisha hesabu viti na uhesabu watoto. Hesabu zikikataa, mwambie mwenye shule siku hiyohiyo, na usiende peke yako, nenda na wazazi wenzako wa mtaa huo. Asipobadilika, wapigieni LATRA au trafiki wa eneo lenu na muwatajie namba ya gari.